Jinsi ya Kuikata Dhahabu Mpaka Ikatae Kuwa Dhahabu

Mwongozo wa mikato 71 kwa mkazi wa Ifakara na bonde lote la Kilombero

Watu wa bonde la Kilombero hawahitaji kufundishwa kukata. Wanakata mpunga majarubani, wanakata miwa kule Kidatu, wanakata kambale wa mtoni kabla jua halijapanda. Wenye mikono ya namna hiyo wanastahili kazi ngumu zaidi, nayo ni hii: chukua gramu moja ya dhahabu, ikate nusu, chukua nusu moja uikate tena, uendelee hivyo bila kuchoka mpaka mkononi ibaki atomi moja peke yake.

Kazi inaonekana haina mwisho, lakini mwisho upo karibu sana. Ni mikato 71. Anayeanza baada ya chai ya asubuhi anamaliza kabla ubwabwa wa mchana haujaiva. Njiani atakutana na dhahabu nyekundu, dhahabu inayowaka kama taa, dhahabu bapa, dhahabu yenye umbo la piramidi, na dhahabu ambayo si metali hata kidogo. Atajifunza pia jambo ambalo shule nyingi hulipita mbio: ukubwa wa kitu ni sehemu ya tabia yake. Jambo hilo halikai katika maabara za ng'ambo tu. Lipo katika zahanati za bonde hili, ndani ya kile kipande cha plastiki kinachopima malaria kwa tone la damu ya kidole.

Mahitaji

Gramu moja ya dhahabu safi. Ikifinyangwa iwe mchemraba, kila upande haufiki milimita 4. Ndani yake zimo atomi zipatazo 3 ikifuatiwa na sifuri 21. Kama dhahabu yenyewe ni pete ya ndoa, omba ruhusa ya mwenza wako kabla ya mkato wa kwanza, maana baada ya hapo maelezo yatakuwa marefu.

Wembe wa kuweza kukata mpaka atomi ya mwisho. Wembe huo haujatengenezwa, kwa hiyo tumia akili. Wanakemia nao hawakati. Wao huanzia chini, wakaziunganisha atomi mpaka zifike ukubwa wanaoutaka. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake walionyesha kwamba ukichemsha maji yenye chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati, jamaa wa asidi iliyomo kwenye ndimu, unapata chembe ndogo za dhahabu zinazokaribiana ukubwa.

Kipimo kinachoitwa nanomita. Milimita moja ina nanomita milioni 1. Punje ya mchele yenye urefu wa milimita 7 ina urefu wa nanomita milioni 7.

Hatua ya kwanza: mkato wa 1 mpaka wa 49. Kata, na usitarajie kitu

Kundi hili la mikato linahitaji uvumilivu wa mvuvi. Baada ya mikato 10 ya mwanzo, kila kitu ni kilekile. Kipande ni cha manjano, hakishiki kutu, kinayeyuka kwenye nyuzi joto 1,064 kama ilivyokuwa ikiyeyuka pete nzima. Sonara angekubali kukinunua kama mizani yake ingekihisi.

Kwenye mkato wa 27 simama kidogo. Kipande chako sasa kina upana wa chembe nyekundu moja ya damu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Humo ndani ya chembe nyekundu ndimo kimelea cha malaria hujificha, hula na kuzaana. Kumbuka ukubwa huo, kwa sababu dhahabu na kimelea vitakutana tena baadaye.

Karibu na mkato wa 40, kipande kinakuwa kifupi kuliko wimbi la mwanga wowote ambao jicho la binadamu linaweza kuuona. Kuanzia hapa mwanga hauwezi tena kukishughulikia kama ukuta wa kugonga na kurudi. Mabadiliko yanapiga hodi.

Hatua ya pili: mkato wa 50 mpaka wa 54. Dhahabu inakuwa nyekundu

Hapa kipande kina upana wa kati ya nanomita 44 na 18 hivi, na atomi kati ya milioni 2.7 na laki 1.7. Tia vipande vya ukubwa huu kwenye maji na utaona rangi nyekundu iliyokolea. Hakuna rangi iliyoongezwa. Hakuna kutu. Ni dhahabu tupu, na bado ni nyekundu.

Sababu yake ni elektroni. Katika metali, baadhi ya elektroni hazina mwenyewe; huzunguka kipande chote. Kipande kikiwa kidogo kuliko wimbi la mwanga, elektroni hizo zote husukumwa pamoja upande mmoja, zikavutwa kurudi, zikasukumwa tena. Kwa chembe ya dhahabu ya upana wa nanomita 20, mtikisiko huo hukubaliana na mwanga wa kijani wenye wimbi la nanomita 520 hivi. Mwanga wa kijani unamezwa, mwekundu unapita, na jicho linapokea kilichobaki. Michael Faraday alieleza majaribio yake juu ya maji mekundu ya dhahabu mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1857, akatambua kwamba wekundu ule unatoka kwenye chembe ndogo mno za dhahabu yenyewe. Hesabu kamili ilitolewa na Gustav Mie wa Ujerumani mwaka 1908.

Sasa simama Ifakara.

Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki. Maabara hiyo ilikua, ikabadilika jina mara kadhaa, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti walikuja bondeni kwa sababu mbu walikuwa bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Namawala, ilikadiriwa kwamba mtu mmoja alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku. Katika hali hiyo homa yoyote iliitwa malaria, na dawa ilitolewa kwa kubahatisha: klorokwini kwanza, SP kuanzia 2001, kisha dawa mseto ya ALu kuanzia 2006. Hadubini zilikuwa hospitalini, na mgonjwa alikuwa shambani ng'ambo ya mto, maji yamejaa na kivuko hakivuki.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Agizo hilo lingebaki karatasini kama kisingekuwapo kipimo kinachofanya kazi bila umeme, bila hadubini na bila mtaalamu wa maabara. Kipimo cha haraka kilikuwapo, na katika vipimo vingi vya aina hiyo kinachoonekana kwa macho ni dhahabu ya mkato wa 50 na kitu.

Fuata tone la damu uone. Mhudumu anatoboa kidole, anaweka damu kwenye kishimo, anaongeza matone ya kimiminika kiitwacho bafa. Damu inatambaa kwenye karatasi na kukutana na chembe nyekundu za dhahabu zilizovikwa kingamwili. Kingamwili hizo zimetengenezwa ili zing'ang'anie protini iitwayo HRP2, inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Kama protini ipo, dhahabu inaishika na kusafiri nayo. Mbele, kwenye mstari wa T, kingamwili nyingine zimegandishwa karatasini zikisubiri kuishika protini hiyohiyo. Dhahabu inanaswa pale, chembe juu ya chembe, mpaka mstari mwekundu unaonekana kwa macho matupu. Dhahabu iliyobaki inaendelea mpaka mstari wa C, ambao kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo chenyewe ni kizima.

Kama dhahabu hiyo ingekatwa mikato mingi pungufu, ingekuwa vipande vizito vinavyozama na kuganda njiani. Ingekatwa mikato kumi zaidi, wekundu wake ungefifia hata mstari usionekane. Dhahabu imechaguliwa pia kwa sababu haiozi wala kuota kutu katika joto la Ifakara, na kwa sababu protini hushikamana nayo vizuri. Kipimo kimoja kina dhahabu kidogo kiasi kwamba hakuna mizani ya sonara itakayotikisika, na kiasi hicho kidogo kinatosha kumwambia mama kama homa ya mwanawe ni malaria.

Hatua ya tatu: mkato wa 55 mpaka wa 62. Nje kunazidi ndani

Endelea kukata. Ufikapo mkato wa 60 umebaki na atomi zipatazo 2,650 na upana wa nanomita 4 na kitu. Tatizo jipya linaanza: atomi nyingi ziko nje.

Hesabu ni rahisi na kila mwanafunzi anaweza kuifanya. Chukua atomi moja, izungushie nyingine 12. Umepata kishada cha atomi 13, na 12 kati yake ziko nje. Ongeza tabaka, unapata 55, na 42 ziko nje. Ongeza tena, unapata 147, na 92 ziko nje. Katika pete ya mkononi, atomi za nje ni sehemu ndogo isiyostahili kutajwa. Katika kishada kidogo, hizo ndizo zenye mji.

Atomi ya nje haina majirani upande mmoja, kwa hiyo haijashikwa sawasawa. Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni kuyeyuka mapema. Philippe Buffat na Jean-Pierre Borel wa Lausanne, Uswisi, walipima jambo hili mwaka 1976 na kukuta kwamba chembe za dhahabu za nanomita chache huyeyuka mamia ya nyuzi chini ya dhahabu ya kawaida. La pili ni uchapakazi. Dhahabu ya pete inapendwa kwa sababu haishirikiani na kitu chochote. Lakini mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba dhahabu yenye upana wa chini ya nanomita 5 hivi, ikiwekwa juu ya oksidi za metali nyingine, huigeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi hata kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kaboni monoksidi ndiyo ile hewa ya jiko la mkaa inayoua watu waliolala madirisha yamefungwa. Metali iliyojulikana kwa uvivu ikawa kichocheo hodari, kwa kukatwa tu.

Mpaka hapa mabadiliko yalikuwa ya polepole. Ukijua tabia ya chembe ya atomi 10,000 na ya atomi 5,000, unaweza kukisia ya 7,000. Furahia raha hiyo, kwa sababu inaisha.

Hatua ya nne: mkato wa 63 mpaka wa 66. Dhahabu inaacha kuwa metali

Kishada kina atomi mia chache, kisha mia na kitu, kisha kadhaa tu. Upana wake umeshuka chini ya nanomita 2. Wekundu ule wa zahanati umetoweka, maana elektroni hazina tena uwanja wa kutikisikia pamoja. Katika pete, elektroni inaweza kuwa na nishati karibu yoyote, ngazi zikiwa zimesongamana bila mwanya. Katika kishada kidogo, ngazi zinaachana, na elektroni inalazimika kuruka kutoka moja hadi nyingine. Kitu ambacho elektroni zake haziwezi kutembea bila kuruka hakistahili tena jina la metali.

Kuruka huko kuna faida yake. Elektroni ikishuka ngazi, kishada hutoa mwanga. Mwaka 2004 Robert Dickson na wenzake huko Atlanta, Marekani, walieleza vishada vya dhahabu vinavyowaka: chenye atomi 8 kinatoa bluu, chenye 13 kijani, chenye 23 nyekundu, na chenye 31 mwanga ulio nje ya uwezo wa macho yetu. Dhahabu ileile, rangi mbalimbali, na tofauti yake ni hesabu ya kidato cha kwanza.

Kati ya mkato wa 64 na wa 65 kipo kishada mashuhuri cha atomi 102. Maabara ya Roger Kornberg huko Stanford ilikigandisha kuwa fuwele, kikiwa kimefunikwa na molekuli za kukilinda, na mwaka 2007 ikatangaza mahali ilipo kila atomi ya dhahabu ndani yake. Kwa hiyo tunaposema kishada kina atomi 102, hatukadirii. Zimehesabiwa.

Hatua ya tano: mkato wa 67 mpaka wa 70. Hapa kila atomi ina cheo

Kwa bahati njema, mkato wa 67 unakuachia atomi 20 hivi. Mwaka 2003 Lai-Sheng Wang na wenzake waligundua kwamba atomi 20 za dhahabu hujipanga kuwa piramidi yenye nyuso nne, kila uso ukiwa na atomi 10, na hakuna hata atomi moja iliyofichwa ndani. Piramidi hiyo ni tulivu mno. Punguza atomi chache mpaka ufike 18, 17 au 16, na kishada chenye chaji hasi kinakuwa kizimba kitupu ndani. Punguza mpaka 11 au chini yake, na kinalala bapa, unene wa atomi moja. Dhahabu hupenda kulala bapa kwa sababu kiini chake kina protoni 79, na elektroni zilizo karibu na kiini hukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Kasi hiyo hubadilisha namna atomi zinavyoshikana, na ndiyo hiyohiyo inayoipa pete rangi ya manjano.

Kwa nini 20 itulie namna ile? Fikiria basi la Ifakara kwenda Mahenge. Safu ya viti ikijaa, abiria wametulia na hakuna anayesumbua. Akiingia mmoja zaidi, anasimama mlangoni, na kituo kinachofuata ndiye wa kwanza kushuka. Elektroni za kishada nazo zina safu zake: ya kwanza inabeba 2, inayofuata inafikisha 8, halafu 20, halafu 40. Kila atomi ya dhahabu inachangia elektroni moja, kwa hiyo atomi 20 zinajaza safu barabara. Walter Knight na wenzake wa Berkeley walikuwa wameshaona jambo hili mwaka 1984 kwa sodiamu: vishada vya atomi 8, 20, 40, 58 na 92 vilitokea kwa wingi kuliko majirani zao.

Hapa ndipo ujuzi wa kukisia unapokufa. Huwezi kutazama kishada cha 19 na cha 21 ukajua cha 20. Lazima ukiendee chenyewe.

Hatua ya sita: mkato wa 71. Weka wembe chini

Imebaki atomi moja. Haina wekundu wala manjano ya pete. Haina kiwango cha kuyeyuka, kwa sababu kuyeyuka ni kuachana, na haina wa kuachana naye. Si ngumu, si laini, haipitishi umeme wala haiuzuii. Sifa zote zilizomfanya bibi harusi aipende dhahabu hazikuwa ndani ya atomi. Zilizaliwa pale atomi zilipokusanyika, na kila idadi ilizaa za kwake.

Makosa ya kuepuka

Usidhani kila kidogo huyeyuka upesi. Kuna metali iitwayo galiamu ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 29.8; ukiiacha mezani Ifakara mchana wa Novemba, utarudi ukute kimiminika. Lakini mwaka 2003 Martin Jarrold na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba vishada vya galiamu vya atomi zipatazo 40 hubaki vigumu hata baada ya kupita nyuzi 200. Kanuni nzuri ya vitu vikubwa ina haki ya kukataliwa na vidogo.

Usiache vipimo vya malaria juani au juu ya pikipiki mchana kutwa. Dhahabu itavumilia, lakini kingamwili zilizoivika ni protini, na protini huharibika kwa joto.

Usisome kipimo baada ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo, na mstari wa C usipotokea, usikiamini, omba kingine. Mstari wa T ukiwa hafifu lakini upo, upo. Uhafifu wake unaonyesha kwamba dhahabu iliyonaswa ni kidogo, na mhudumu anajua cha kufanya.

Usishangae pia mstari ukiendelea kuonekana wiki kadhaa baada ya dawa. HRP2 hubaki kwenye damu hata vimelea vikiisha. Mwambie mhudumu lini ulitibiwa mara ya mwisho.

Neno kwa msomaji

Mwalimu wa sayansi wa Ifakara, Mlimba, Mang'ula au Malinyi, una mfano mzuri wa kufundishia atomi ambao walimu wengi duniani wangeutamani, na wanafunzi wako wameshauona kwenye vidole vyao wenyewe. Omba zahanati ikupe kipimo kimoja ambacho hakijatumika na kimepitwa na muda, kipeleke darasani, dondosha matone ya bafa mpaka mstari wa C utokee, uwaambie watoto: hii ni dhahabu, na ni nyekundu kwa sababu ya ukubwa wake. Waache wabishe. Kisha wape kalamu wahesabu mikato.

Na wewe mwenye homa, usinunue dawa mseto dukani kwa kukisia. Nenda zahanati, toa kidole, subiri dakika zako. Ukitokea mstari wa T, meza dawa zote kama ulivyoelekezwa, hata ukijisikia nafuu siku ya pili. Ukitokea wa C peke yake, usiondoke ukinung'unika kwamba umenyimwa dawa. Kaa, mwambie mhudumu aendelee kutafuta kinachokuumiza, maana homa yako ina chanzo kingine na kinastahili tiba yake.